Shajara ya mradi: kuficha nguvu ya karata, kutoka karata tatu hadi meza ya Jumamosi

20 Januari 2024: kwa nini karata tatu

Kwenye parsele yetu, Katuba, hapa Lubumbashi, poka huchezwa Jumamosi jioni chini ya mwembe. Ni ile ya Texas: karata mbili mkononi mwa kila mtu, tano za wote mezani. Anayeshindwa hununua sukre (soda), na mwaka mzima uliopita mnunuzi nilikuwa mimi. Karata mbaya wanapata wote. Shida yangu ni kwamba nikishika nzuri, meza nzima inatupa zao. Nikipiga blefu, yaani dau la uongo lenye karata mbaya, meza nzima inalipa. Mwezi uliopita Yaya, ndugu yangu mkubwa, alinimaliza mbele ya wageni: "Wewe, mdogo, tunakusomaka kama afishi ya ukutani."

Basi nimeamua kujifunza kuficha, na kuandika kila hatua ili anayetaka kurudia asirudie makosa yangu. Texas ina mambo mengi mno ya kuanzia. Karata mbili za mkononi peke yake zinaweza kuwa za namna 1,326. Nimeanza na mchezo mdogo ambao Harold Kuhn, mwanahisabati wa Marekani, aliuchambua mwaka 1950. Una karata tatu tu. Wengine huziita mfalme, malkia na ghulamu. Kwetu ni Rwa, Dame na Vale, na Rwa ndiye mkubwa.

Kanuni: wachezaji wawili, kila mmoja anaweka punje moja ya maharage kwenye kitita. Kila mmoja anapewa karata moja, ya tatu inabaki imefunikwa. Wa kwanza anaweza kupita au kuweka dau la punje moja. Akiweka, mwenzake analipa punje moja ili waonyeshane, au anatupa. Akipita, mwenzake naye anaweza kupita, wakaonyeshana bure, au akaweka dau, na wa kwanza ndiye anayebaki na uamuzi wa kulipa au kutupa. Basi. Mtoto wa miaka minane anauelewa, na bado una udanganyifu wote wa poka ndani yake.

Mpinzani ni Yaya. Tumekubaliana mikono 60 kwa kila kikao, tukipokezana kuanza. Nimenunua karata (franka 3,000) na daftari (1,500). Maharage nimechota jikoni.

27 Januari: uso

Kosa la kwanza lilinigharimu franka 6,000, bei ya miwani myeusi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Niliamini siri iko machoni. Wiki nzima nilikaa mbele ya kioo nikijizoeza kutokuwa na uso wowote. Mama akauliza kama naumwa.

Kikao kikaisha nimepoteza punje 14. Hesabu ya daftari inaumiza zaidi. Nilipiga blefu na Vale mara 9. Mara 4 kati ya hizo Yaya alikuwa na Rwa, na hapo hakuna uso duniani ungenisaidia. Mara 5 alikuwa na Dame, karata isiyojua ikimbilie wapi, na mara zote 5 alilipa. Nilipoweka dau nikiwa na Rwa ya kweli, Dame yake ilinilipa mara 1 kati ya 6. Maana yake alikuwa anajua.

Nilimwomba aniambie alichokiona. Alikataa, akanywa sukre yake polepole. Nikamwomba shemeji atuangalie mikono kumi bila kuwa upande wa mtu. Yeye aliona mara moja: nikiwa na Rwa, punje inaruka kutoka kidoleni kabla Yaya hajamaliza kukaa sawa. Nikiwa na Vale, naiweka taratibu, katikati kabisa, kama mtu anayeweka yai. Miwani ilifunika macho. Vidole vilikuwa nje vikipiga kelele.

Dawa niliyojiwekea: nikishaona karata, napumua mara tatu, bila kujali ni ipi. Kisha naisukuma punje kwa mkono wa kushoto, au nagonga meza mara moja kupita. Hakuna neno. Miwani nimempa shemeji.

3 Februari: kosa la Dame

Pumzi tatu zimefanya kazi. Dame ya Yaya sasa inanilipa ovyo ovyo, mara inalipa, mara inatupa, na hakuna tena tofauti kati ya blefu yangu na dau la kweli. Lakini nimepoteza tena, punje 8. Nilitaka kulaumu bahati hadi nilipopanga daftari karata kwa karata.

Nilikuwa naweka dau na Dame. Nilifanya hivyo mara 8. Nilijiambia ni karata ya katikati, si mbaya, itamtisha. Tazama kilichotokea: mara 4 alikuwa na Vale, akatupa zote. Mara 4 alikuwa na Rwa, akalipa zote. Nilipata punje 4, nikapoteza 8.

Nilikaa na jambo hili usiku mzima, mvua inapiga bati, na nadhani ndipo nilipoanza kuuelewa mchezo. Dau la Dame halimdanganyi mtu. Aliye na karata ndogo kuliko yangu hana sababu ya kulipa, na aliye na kubwa hana sababu ya kutupa. Nimelipia kitu ambacho kupita kungenipa kwa bei nafuu. Nikipiga hesabu dhidi ya mtu anayecheza vizuri, dau la Dame nikiwa wa kwanza linanigharimu nusu punje kwa kila mkono, na kupita kunanigharimu theluthi tu.

Anayestahili kudanganya ni Vale. Vale haiwezi kushinda kwa kuonyeshwa, kwa hiyo njia yake pekee ya kushinda ni kujifanya Rwa. John von Neumann alikwisha kuliona hilo kwenye hesabu zake za poka, kabla hata Kuhn hajaandika: blefu inapigwa na karata za chini kabisa, na zile za katikati zinakaa kimya. Kwenye meza yetu chini ya mwembe kila mtu anafanya kinyume. Tunapiga blefu na karata za katikati kwa sababu zinatupa moyo, na zile mbovu tunazitupa kwa aibu.

10 Februari: hakuna kikao

Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wamecheza na Afrika Kusini kugombea nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika. Sufuri kwa sufuri, kisha penalti, tukafungwa 6 kwa 5. Wiki mbili hivi nyuma penalti hizohizo zilitupitisha mbele ya Misri, kipa wetu mwenyewe, Lionel Mpasi, akifunga ya mwisho. Hakuna aliyekuwa na hamu ya karata.

Ila nikiangalia penalti niliwaza mradi. Mpigaji anayepiga kulia siku zote, hata awe na mguu wa chuma, kipa atamngojea kulia. Anayepokezana kulia, kushoto, kulia, kushoto naye atajulikana. Lazima achanganye, na mchanganyiko wenyewe usiwe na mpangilio ambao hata yeye anaweza kuukariri. Hilo ndilo nililolikosa: najua sasa Vale ndiyo ya kudanganya, lakini ni mara ngapi, na nani anaamua ni sasa?

17 Februari: saa

Mara ngapi: jibu la Kuhn ni kwamba anayeanza akiwa na Rwa anaweka dau mara tatu kwa kila mara moja anayodanganya na Vale. Njia rahisi kukumbuka ni hii: Rwa daima, Vale mara moja kati ya tatu, Dame kamwe. Uwiano huo haukuokotwa. Kitita kina punje 2, dau langu linakifanya 3, na mwenye Dame anatakiwa alipe 1. Ili malipo yake yasimpe faida wala hasara, lazima awe ananikamata mara moja kati ya nne. Nikidanganya zaidi ya hapo, afadhali alipe kila siku. Pungufu ya hapo, afadhali atupe kila siku. Kwenye moja kwa tatu hana pa kushika.

Nani anaamua: nilichukua saa yangu ya mkononi. Mshale wa sekunde ukiwa chini ya 20, Vale inadanganya. Ukiwa 20 na zaidi, inapita. Akili ya binadamu haiwezi kubahatisha yenyewe. Nilijaribu kwa kichwa na nikakuta baada ya kukamatwa mara moja nakaa mikono kumi bila kuthubutu.

Nilipoteza punje 9. Mkono wa arobaini hivi, Yaya aliweka karata chini akacheka. "Mdogo, kila wakati unaangalia ile saa, uko na Vale."

Kweli kabisa. Rwa haikuhitaji saa, Dame haikuhitaji saa. Nilikuwa naangalia mkono wangu nikiwa na karata moja tu kati ya tatu. Kifaa nilichokileta kifiche siri ndicho kilichoitangaza, tena wazi kuliko vidole. Hakika ni kosa ninaloliona zuri kuliko yote kwenye daftari hili, maana hesabu ilikuwa sahihi kwa asilimia mia.

Dawa: saa inaangaliwa kabla ya karata kuinuliwa, kila mkono, bila ubaguzi. Nakariri namba, ndipo nainua. Namba hiyohiyo inatosha kwa kazi zote: nikiwa wa pili na mwenzangu amepita, Vale inadanganya chini ya 20, nikiwa wa pili na Dame, mwenzangu ameweka dau, nalipa chini ya 20. Pahali pamoja tu inageuka: nikianza na Dame, nikapita, mwenzangu akaweka dau, nalipa ikiwa 20 kwenda juu, yaani mara mbili kati ya tatu.

Jambo la pembeni: Mama alikuta bakuli la punje zetu, akadhani ni maharage aliyosahau kuyaloweka. Yalipikwa. Tulikula kitita chetu na bukari (ugali). Nimemlipa franka 4,000 za kilo moja, na tangu hapo tunatumia vifuniko vya chupa za bia ya Simba.

2 Machi: kumfundisha asiye na uso

Nilitaka kuona kama udanganyifu unaweza kuzaliwa pale ambapo hapana uso, vidole wala pumzi. Kompyuta yangu ni nzee lakini Python, lugha ya kuandikia programu, inaendesha. Nimeandika programu fupi inayocheza na nafsi yake mchezo wa karata tatu. Baada ya kila mkono inajiuliza: ningefanya lile lingine, ningepata ngapi zaidi? Majuto hayo inayajumlisha, na mkono unaofuata inachagua zaidi kile inachokijutia. Sikuiambia popote kwamba kuna kitu kinaitwa blefu. Hatua za kawaida naziruka. Haya matatu ndiyo yaliyonipotezea siku.

La kwanza: haikudanganya hata mara moja. Mikono laki moja, Vale inapita tu. Nilitafuta kosa siku mbili. Kumbe kwenye kumbukumbu ya programu niliandika karata za wote wawili, na kila upande ulikuwa unaamua ukiwa unaiona ya mwenzake. Ukiwa umeonwa, kudanganya ni kupoteza punje. Nilipofuta karata ya mpinzani kwenye kumbukumbu, Vale ilianza kuweka dau ndani ya sekunde chache.

La pili: namba zilikuwa zinayumba. Naisimamisha, Vale inadanganya kila mara. Naisimamisha tena, haidanganyi kabisa. Nilikuwa nasoma uamuzi wa dakika ile. Kinachotulia ni wastani wa maamuzi yote tangu mwanzo. Uamuzi wa sasa hivi unaweza kuendelea kuyumba. Atakayerudia kazi hii aanze kwa kuhifadhi jumla hiyo.

La tatu halikuwa kosa, ila nililitendea kama kosa. Kila nikiianzisha upya ilinipa jibu jingine: mara Vale inadanganya 0.22 na Rwa inaweka dau 0.66, mara 0.17 na 0.51. Nikafuta nusu ya programu. Delestaji (mgao wa umeme) ikaja katikati, nikapoteza na ile nusu nyingine kwa sababu sikuhifadhi. Nilichaji kompyuta kwa jirani mwenye jenereta mara 4, franka 1,000 kila mara, na nikanunua megabaiti za 2,000 kusoma. Jibu: majibu yote yalikuwa sahihi. Kuhn mwenyewe alionyesha kwamba anayeanza ana njia nyingi zilizo sawa, mradi Vale isizidi theluthi na Rwa iwe mara tatu yake. Ukidanganya kidogo, lazima na Rwa yako ipite mara nyingi, ijifanye dhaifu. Kujifanya mkubwa na kujifanya mdogo vimefungwa kamba moja.

Thamani iliyotoka ilikuwa −0.0555, karibu kabisa na ile ya kitabuni, hasara ya 1 kwa 18. Anayeanza anapoteza kidogo hata akicheza bila kosa. Kwa mikono 180, kama punje 10. Kutangulia kusema ni hasara, na hakuna uso unaoiondoa.

Tangu siku ile sijisumbui tena na kioo. Mwaka 2017 programu ya Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne wa Texas ya watu wawili katika mikono 120,000, na ilikuwa ikipiga blefu vizuri tu. Haikuwa na sura ya kuficha.

16 Machi: kikao cha nne

Saa kabla ya karata, pumzi tatu, mkono wa kushoto. Nimepata punje 3.

Nisijisifu. Kwa mikono 60 bahati peke yake inaweza kukupandisha au kukushusha punje kumi hivi bila wewe kubadilika, na hiyo inahusu hata zile 14 nilizolia mwezi wa kwanza. Kipimo ninachokiamini ni kingine: Dame ya Yaya ililipa blefu zangu mara 2 kati ya 5, na dau zangu za Rwa mara 3 kati ya 7. Hajui tena. Nilimwona akiitazama saa yangu, akichoka, akiitazama tena.

6 Aprili: meza kubwa

Leo nimepeleka niliyojifunza kwenye Texas ya watu watano, vifuniko 100 kila mmoja. Nimeumia mara tatu, na kila jeraha lina somo lake.

Kwanza, ukubwa wa dau. Kwenye karata tatu dau lilikuwa moja tu, hapa unachagua. Baada ya mikono ishirini shemeji akaninong'oneza kwamba nikiwa na nzuri naweka kubwa, nikidanganya naweka kidogo, kama mtu anayeomba samahani. Nimebadilisha hapohapo: ikitoka karata ya tano, dau langu ni nusu ya kitita, iwe kweli au uongo. Nusu ya kitita ni sawasawa na punje 1 juu ya 2 za Kuhn, kwa hiyo uwiano unabaki uleule, uongo mmoja kwa kweli tatu. Anayependa kuweka kitita kizima anaruhusiwa uongo mmoja kwa kweli mbili.

Pili, nilijificha kupita kiasi. Nilikuwa na nane mbili, mezani ikaja nane ya tatu pamoja na kopa mbili. Nikapita kwa unyonge, nikifurahia mtego wangu. Wote wakapita. Karata iliyofuata ikawa kopa, na binamu akawa na kopa tano. Mwenye kopa nne huipata ya tano kwa karata moja takriban mara moja kati ya tano, na mimi nilimwonyesha karata hiyo bure. Vifuniko 45 vikaenda. Kwenye karata tatu Rwa inaweza kupita bila woga kwa kuwa haitazeeka. Kwenye Texas mkono mzuri wa sasa unaweza kuwa wa pili dakika ijayo. Kujificha kuna bei, na bei hiyo inapanda mezani kukiwa na rangi mbili zinazofanana.

Tatu, Mzee. Jirani yetu huyu, mstaafu wa reli, hatupi karata. Nilimpigia blefu mara mbili kwa hesabu safi, saa ikiwa 11 na 17. Mara zote mbili alilipa na jozi ya nne. "Mwanangu, nataka tu kuona," akasema, bila hasira wala ujanja. Vifuniko 60.

Hapa hesabu ya Kuhn haina kosa, kosa ni langu. Ule uwiano unamlinda mtu dhidi ya mpinzani anayeweza kumsoma. Mzee hasomi. Kwake sina cha kuficha: nikiwa na mkono mzuri naweka dau, nikiwa na mbaya napita, na angeweza hata kuona uso wangu wote, asingebadilika. Kuanzia mkono uliofuata nilimfanyia hivyo, nikarudisha vifuniko 38.

20 Aprili: hesabu hadi leo

Karata 3,000, daftari 1,500, miwani 6,000, maharage ya Mama 4,000, kuchaji 4,000, megabaiti 2,000, sukre 7 nilizonunua nikishindwa 10,500. Jumla franka 31,000. Miwani ndiyo pekee ninayojutia.

Jumamosi hii sikununua sukre; alinunua binamu. Mzee ndiye aliyeshinda, kama kawaida yake anapopata karata. Yaya alikuja na saa mkononi, sijui ya nani, na sikumwona akiiangalia.

Kinachofuata: kwenye Texas nataka kuiacha saa, maana usiku delestaji ikikatiza taa haionekani. Nitajaribu kutumia rangi za karata zangu mbili: mkono wa kudanganya ukiwa na shupaza ndani yake nadanganya, usipokuwa nayo natupa. Lazima kwanza nihesabu kama hiyo inanipa moja kwa tatu au inapita.